Jaramogi Oginga Odinga: Aliyewatungia wengine kaulimbiu, naye akaachwa mlangoni pa Ikulu

MSIMU wa uchaguzi unapowadia, ufuo wa Usenge hubadilika rangi. Wavuvi waliozoea kuingia majini wakiwa na nguo kuukuu huonekana wakivuta nyavu kwa fulana mpya zenye picha za wagombea. Wachuuzi wa omena hujifunga leso zilizopigwa chapa ya chama, vijana huvaa kofia za bure, na kuta za maduka hufunikwa kwa mabango. Uchaguzi ukishapita, fulana huchakaa juani zikawa matambara ya kupangusia mashua, nayo mabango huchanwa na upepo wa ziwani.

Hata hivyo, ipo alama moja katika eneo hilo la Yimbo ambayo haichakai. Hiyo ni Got Ramogi, kilima chenye msitu kilicho karibu na Usenge. Kwa mapokeo ya Waluo, hapo ndipo Ramogi Ajwang', ambaye wengi wao humtaja kuwa babu yao, alipofanya makao yake ya mwanzo baada ya kuingia nchi ambayo leo ni Kenya.

Ni kutokana na jina la mzee huyo wa kale kwamba mwanasiasa mashuhuri kuliko wote waliotoka pwani hiyo ya ziwa alipata jina lake la heshima. Jaramogi maana yake ni mtu wa Ramogi. Aliyelibeba ni marehemu Ajuma Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, aliyefariki dunia Januari 20, 1994.

Mengi yamesimuliwa kuhusu maisha yake: ugomvi wake na Mzee Jomo Kenyatta, kizuizini alikotiwa, na miaka mingi aliyofungiwa milango ya uchaguzi. Lakini kuna upande mmoja ambao hutajwa kwa nadra. Odinga alikuwa bingwa wa alama na kaulimbiu. Aliujua uzito wa jina, wa kofia, wa usinga na wa ishara ya vidole, katika nchi ambamo wapiga kura wengi hawakujua kusoma na hivyo waliisoma alama badala ya maandishi. Ajabu ni kwamba kaulimbiu zilizofaulu zaidi mikononi mwake ziliwafaidi watu wengine.

Odinga alizaliwa karibu mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, eneo linalopakana na Yimbo. Alisoma katika shule ya Maseno, akaenda Alliance, kisha akajiunga na Makerere nchini Uganda alikosomea ualimu. Aliporejea alifundisha Maseno, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya mifugo iliyokuwa hapo hapo.

Vita vyake vya kwanza kuhusu alama vilikuwa vya nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa kwa jina la Adonija, lakini baadaye aliliacha. Wanawe walipofikia wakati wa kubatizwa, alishikilia kwamba wapewe majina ya Kiafrika tu, na akazozana na wakuu wa kanisa waliotaka majina ya kigeni. Ndiyo sababu wanawe wakubwa walijulikana kwa majina ya mababu, Oburu na Raila. Kwa mwalimu aliyeajiriwa katika shule ya wamishonari, msimamo huo haukuwa mdogo. Ulimwonyesha mapema kwamba jina analoitwa mtu laweza kuwa tangazo la siasa bila hata hotuba kutolewa.

Mnamo 1947, baada ya kuanza na kikundi kidogo cha kuweka akiba, Odinga na wenzake walianzisha shirika la biashara la Waluo lililoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Nia yake haikuwa faida peke yake. Alitaka kuwathibitishia watu wake kwamba Mwafrika aweza kumiliki duka, jengo na hata mtambo wa kuchapa bila kuongozwa na Mzungu wala Mhindi. Mtambo huo uliitwa Ramogi, na hivyo jina la kilima cha Yimbo likaanza kutokea kwenye karatasi zilizosomwa mbali na ziwa.

Alizunguka kuuza hisa za shirika hilo, na baadaye, akiwa Ker wa Luo Union katika miaka ya 1950, alizuru matawi ya chama hicho popote Waluo walipofanya kazi, kuanzia viwandani hadi kwenye reli. Katika safari hizo ndipo sura yake ilipojengeka: kofia ya shanga kichwani, usinga mkononi, na baadaye vazi lenye kola ya kusimama lisilohitaji tai. Viongozi wengi wa Kiafrika wa wakati huo walionyesha usomi wao kwa suti ya Kizungu. Odinga, aliyesoma Makerere, alichagua kuvaa kwa namna ambayo mzee wa kijijini angejiona ndani yake.

Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Kenyatta na wenzake walihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 na kufungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi. Watu wa Usenge hawakuhitaji kuambiwa maana ya hukumu hizo. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Mageta, serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau. Kwa hiyo vita vilivyopiganwa katika misitu ya milimani vilikuwa na wafungwa wake hata katikati ya Ziwa Victoria.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haki hiyo haikuwa sawa kwa wote, kwani mwenye elimu au mali aliweza kupewa zaidi ya kura moja. Odinga aliacha wadhifa wa Ker, akagombea kiti cha Nyanza ya Kati na kumshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa waziri katika serikali ya kikoloni. Alikuwa mmoja wa wajumbe wanane wa Kiafrika waliochaguliwa mwaka huo.

Mwaka uliofuata, Juni 1958, alifanya jambo lililobadilisha siasa za nchi. Akiwa ndani ya baraza hilo, aliwataja Kenyatta na wafungwa wenzake kuwa ndio viongozi ambao Waafrika waliendelea kuwaheshimu. Ukumbi ulighadhibika. Wajumbe wa Kizungu walimzomea, na hata baadhi ya wenzake Waafrika walishtuka, kwa kuwa jina la Kenyatta lilikuwa halitajwi kwa wema hadharani tangu hali ya hatari itangazwe.

Mtu mwingine angeomba radhi. Odinga alilirudia jina hilo katika kila mkutano. Taratibu, lile lililokuwa kosa likageuka kuwa wimbo wa umati: neno uhuru likaunganishwa na jina la Kenyatta, na mwito wa Uhuru na Kenyatta ukawa kaulimbiu iliyosikika kutoka ziwani hadi pwani. Mluo wa Sakwa alikuwa amelitoa jina la Mkikuyu wa Gatundu gizani na kulifanya bendera ya nchi nzima.

Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960, James Gichuru akawa rais wake, Odinga makamu na Tom Mboya katibu mkuu. KANU ilishinda uchaguzi wa 1961, lakini ilikataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini, na Ronald Ngala wa KADU ndiye aliyekubali kushirikiana na gavana. Agosti mwaka huo Kenyatta aliachiliwa. Odinga, aliyekuwa na wafuasi, fedha na marafiki wa kigeni kuanzia Moscow hadi Beijing, hakushindana naye. Alimkabidhi njia.

Juni 1, 1963, siku ya Madaraka, Kenyatta alishika uwaziri mkuu, naye Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Desemba 12, 1964, nchi ilipokuwa jamhuri, akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Kenyatta naye alikuwa na kaulimbiu yake, Harambee, na usinga wake mwenyewe. Kwa muda mfupi Wakenya waliwaona wazee wawili wenye usinga wakisimama jukwaa moja.

Umoja huo haukudumu. Walitofautiana kuhusu ardhi iliyoachwa na walowezi, kwani Odinga na wenzake walitaka wasio na mashamba wapewe bila kulipishwa. Walitofautiana pia kuhusu urafiki na nchi za Kikomunisti. Pio Gama Pinto, mwandani wake, aliuawa kwa risasi Nairobi mnamo Februari 1965. Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama kiligawanywa kuwa vyeo vinane, kimoja kwa kila mkoa na kimoja cha Nairobi. Odinga alikuwa amevuliwa mamlaka bila kutajwa jina. Aprili alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union, kilichojulikana kama KPU.

Hapo alihitaji alama mpya. KANU ilikuwa na jogoo. KPU ilichukua fahali, na wafuasi wake wakawa wakipaza sauti wakisema Dume. Kwa watu wafugao, alama hiyo haikuhitaji kufasiriwa. Fahali ni mali, ni nguvu, tena ni mnyama asiyeachia zizi lake bila kupigana.

Serikali ilibadilisha katiba upesi ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi huo mdogo wa Juni 1966 viti 29 viligombewa. KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU kwa jumla, lakini ilishinda viti tisa tu. Bildad Kaggia, naibu wa Odinga katika chama na mpiganiaji wa wasio na ardhi, alishindwa kwao Kandara. Tangu hapo fahali akaanza kuonekana, kwa macho ya wengi, kuwa mnyama wa Waluo peke yao, ijapokuwa hayo hayakuwa makusudi ya waanzilishi wake. Alama iliyokusudiwa kuwaunganisha maskini wa makabila yote ikazungushiwa ua wa kabila moja.

Mwaka 1967 Odinga alichapisha kwa Kiingereza kitabu cha maisha yake, Not Yet Uhuru, yaani uhuru bado haujafika. Kaulimbiu aliyoieneza miaka tisa awali aliigeuza kuwa shutuma. Jina hilo la kitabu lilienea kuliko kitabu chenyewe, na hata leo hutajwa na watu ambao hawajafungua ukurasa wake mmoja.

Njia za chama hicho ziliendelea kufungwa. Katika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji wa 1968, karatasi za wagombea wote wa KPU zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Mei 1969 KPU ilishinda uchaguzi mdogo wa Gem, si mbali na Bondo. Miezi miwili baadaye, Julai 5, Tom Mboya aliuawa Nairobi. Mboya alikuwa hasimu wa Odinga katika siasa, lakini mauaji hayo yaliwaunganisha Waluo katika hasira.

Oktoba 25, 1969, Kenyatta alifika Kisumu kuifungua hospitali mpya ya mkoa ambayo wakazi waliiita Russia, kwa vile ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati huo. Odinga alikuwapo. Umati ulimpokea Rais kwa kelele za Dume. Viongozi hao wawili walitupiana maneno makali mbele ya watu, mawe yakarushwa, na walinzi wakafyatua risasi huku msafara wa Rais ukiondoka. Serikali ilisema watu 11 waliuawa. Hesabu nyingine hutaja waliokufa kuwa wengi zaidi.

Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku. Odinga alitiwa kizuizini hadi Machi 1971. Kenyatta hakuzuru Kisumu tena hadi alipofariki mwaka 1978. Neno lililokuwa kaulimbiu ya kampeni likawa neno la kunong'onezwa, na katika nyumba nyingi za mwambao wa ziwa kadi za KPU zilifichwa au kuchomwa.

Miaka ishirini iliyofuata ilikuwa ya alama moja nchini kote. Daniel arap Moi alikuja na Nyayo, rungu la pembe za ndovu na salamu ya kidole kimoja ya KANU. Waliotaka kuonekana waaminifu walibandika beji yenye picha ya Rais kifuani. Katika miaka ya 1980 vijana wa KANU waliwakagua watu kadi za chama sokoni na kwenye vituo vya mabasi, na asiyekuwa nayo aliweza kuzuiwa kuendelea na safari yake. Mwaka 1988 wapiga kura katika mchujo wa chama walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, mtindo uliokuja kuitwa mlolongo. Katika miaka hiyo yote hakuna Mkenya aliyepata nafasi ya kuchagua Rais kati ya wawili, maana Rais alipita bila kupingwa katika kila uchaguzi tangu 1969.

Odinga alizuiwa kugombea hata ubunge, mara baada ya mara. Moi alimfanya mwenyekiti wa bodi ya pamba, lakini mwaka 1981, baada ya kudai hadharani kwamba Kenyatta alikuwa mnyakuzi wa ardhi, milango ikafungwa tena. Alifukuzwa KANU mwaka 1982, na mwezi mmoja baadaye Bunge likaifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo, mwanawe Raila alikamatwa, naye mzee akazuiliwa nyumbani kwake Kisumu. Alikuwa amepita miaka 70. Wengi waliamini kwamba siasa zake zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Agosti 1991, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alijitokeza pamoja na Masinde Muliro, Martin Shikuku, Ahmed Bamahriz, Philip Gachoka na George Nthenge kutangaza kundi la kudai demokrasia lililojulikana kwa jina la FORD. Desemba mwaka huo serikali, ikibanwa na wananchi na pia na nchi wafadhili, ilikifuta kifungu cha 2A cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu.

Kutokana na harakati hizo ilizuka alama rahisi kuliko zote alizowahi kushika Odinga. Haikuhitaji kiwanda wala shilingi moja. Ilikuwa vidole viwili vilivyoinuliwa juu kuashiria vyama vingi, jibu kwa kidole kimoja cha KANU. Abiria wa matatu walipungiana vidole hivyo njiani, wachuuzi sokoni wakasalimiana kwavyo, na watoto wakacheza navyo. Mvuvi wa Usenge na mkulima wa Murang'a, waliotenganishwa tangu 1969, walikuwa tena na ishara moja.

Hapo ndipo historia ilipompa Odinga nafasi iliyokuwa bora kuliko zote, na hapo ndipo nafasi hiyo ilipoteleza. Kenneth Matiba, aliyetiwa kizuizini mwaka 1990 kwa kudai vyama vingi na kupatwa na kiharusi humo, alirejea nchini kutoka matibabuni akiwa na wafuasi wengi, naye pia alitaka urais. Walibishana kuhusu namna ya kumchagua mgombea. Muliro, aliyedhaniwa angeweza kuwapatanisha, alifariki Agosti 1992. FORD ikapasuka vipande viwili, FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Mwai Kibaki alikuwa tayari na chama chake cha DP, chenye alama ya taa.

Kila upande wa FORD ulibaki na jina, na kila upande ukaendelea kuinua vidole viwili. FORD-Kenya ilichukua simba kuwa alama yake ya kupigiwa kura. Mpiga kura aliyeonyeshwa vidole viwili mwezi Januari alipaswa kuuliza, ifikapo Desemba, ni viwili vya nani. KANU, kwa upande wake, haikuwa na shaka hiyo. Ilikuwa na jogoo yule yule, na kundi la vijana lililoitwa YK'92 lilimwaga fedha kote nchini hata noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la mwenyekiti wake, Jirongo.

Desemba 29, 1992, Wakenya walipiga kura ya urais yenye ushindani kwa mara ya kwanza. Wagombea walikuwa wanane. Moi alipata takriban asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19 na Odinga 17. Upinzani ulilalamikia wizi wa kura na ghasia zilizowafukuza watu makwao katika Bonde la Ufa, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Hata hivyo, hesabu haifichiki: kura za Matiba na Odinga peke yao, zikijumlishwa, zilizidi za Moi.

Odinga aliongoza Nyanza kwa wingi mkubwa mno, lakini hakuongoza katika mkoa mwingine wowote. Simba alinguruma ziwani, na kwingineko sauti yake ikasikika kwa mbali tu. Mzee huyo alirudi Bungeni akiwa mbunge wa Bondo, kiti ambacho Usenge imo ndani yake, na akawa kiongozi rasmi wa upinzani.

Mwaka wake wa mwisho haukukosa doa. Mwaka 1993 alikiri kwamba alipokea shilingi milioni mbili kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara aliyehusishwa na sakata ya Goldenberg, akieleza kwamba zilikuwa mchango kwa chama. Baadhi ya vijana wasomi waliomzunguka, akiwemo makamu wake Paul Muite, walijitenga naye. Wakati huo huo alianza kuzungumza na KANU kuhusu ushirikiano. Wapo waliosema amechoka, na wapo waliosema alitaka kuliondoa jimbo lake katika baridi ya miaka 27 ya kutengwa. Huenda wote wawili walikuwa na ukweli.

Alifariki mjini Kisumu Januari 20, 1994, akiwa na umri wa miaka 82, na akazikwa kwao Nyamira Kang'o. Mahali hapo leo pana makumbusho yanayotunza kumbukumbu za maisha yake.

Ile hospitali ya Kisumu iliyofunguliwa kwa risasi mwaka 1969 leo inaitwa kwa jina lake. Chuo kikuu cha Bondo pia kina jina lake. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya tukio lililotokea katika lango la hospitali ndiye sasa anayetajwa na kila mgonjwa anayeuliza njia ya kuifikia.

Hadithi ya kaulimbiu haikuishia kwake. Oktoba 14, 2002, katika bustani ya Uhuru Nairobi, mwanawe Raila aliukabidhi umati maneno mawili, Kibaki Tosha, na kwa maneno hayo upinzani ukaungana na KANU ikaondoka madarakani. Kama baba yake mwaka 1958, alikuwa amelipandisha jina la mtu mwingine. Kama baba yake, aligombana na aliyemsaidia kabla ya miaka mitatu kutimia. Raila mwenyewe aliwania urais mara tano, 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na chungwa likawa alama ya enzi yake. Aliaga dunia Oktoba 15, 2025, na akazikwa Bondo, katika boma la baba yake. Kati yao wawili hakuna aliyewahi kuwa Rais wa Kenya.

Wahenga walisema wema hauozi, na bila shaka Wakenya wanaofurahia kuchagua kati ya vyama vingi wanadaiwa shukrani na mzee huyo wa Sakwa. Lakini maisha yake yanatuachia pia onyo. Jina la Kenyatta lilipata nguvu mwaka 1958 kwa kuwa aliyelitamka alikubali kuzomewa kwa ajili yake. Vidole viwili vilikuwa na nguvu kwa muda ule ambao viongozi walioviinua walikuwa kitu kimoja. Walipoachana, vidole vilibaki juu na kura zikagawanyika chini.

Kampeni nyingine zitakapofika Usenge, fulana zitagawanywa tena na mabango yatabandikwa tena. Mpiga kura wa ufuo huo ana haki ya kuipokea fulana, maana nguo ni nguo. Kabla ya kuitikia mwito uliochapwa kifuani mwake, amuulize aliyeileta maswali ambayo Odinga aliuliza katika kitabu chake na hakupewa jibu: ardhi imekwenda kwa nani, na uhuru umemfikia nani.